Sayari Iliyolipuliwa kwa Mujibu wa Sheria

Aliyekuja kusikiliza avute mkeka. Aliyekuja kuandika majina ya wasikilizaji naye avute mkeka. Kalamu ninayo, nitamwazima.

Kuna nchi moja. Jina lake silitaji, wala si kwa woga. Limebadilishwa mara nne tangu nizaliwe, na kila mara tuliambiwa hili sasa ndilo la kudumu, kwa hiyo nangoja kwanza litulie.

Katika nchi hiyo runinga ya taifa ilikuwa na mchezo mmoja uliopendwa, nao uliitwa Kikosi cha Zuhura. Ulimhusu Kapteni Radi, kijana shujaa aliyezunguka angani akipigana na majini ya chuma. Chombo chake kilikuwa tangi la maji la lita elfu kumi, limelazwa ubavu na kupakwa rangi ya fedha. Tangi hilo lilikuwa liletwe mtaani kwetu. Lakini twende taratibu.

Mchezo ulikuwa na kanuni moja: lolote litakalotokea, Alhamisi ijayo liwe halijatokea. Kapteni Radi alikufa mara kumi na moja. Alifufuliwa kwa dawa, akafufuliwa kwa pacha wake, akaamka kumbe alikuwa anaota, na safari moja alirudi bila sababu yoyote kwa kuwa mwandishi alikuwa likizo. Mwigizaji akizeeka, analetwa mwingine, mchezo unaanzishwa upya, na huyo mpya naye ni kijana shujaa. Watazamaji hawakushangaa. Ndivyo nchi yenyewe ilivyokwenda. Waziri alifukuzwa Jumatatu kwa aibu, Alhamisi akaapishwa wizara ya jirani kwa vigelegele. Daraja likianguka, lilizinduliwa tena kwa mkasi uleule.

*

Mtaa wetu ni Majabalini, chini ya machimbo ya mawe. Wanawake wanaponda kokoto, wanaume wanalipua mwamba, na vumbi jeupe linakaa juu ya kila kitu, hata juu ya mbwa. Miaka arobaini iliyopita watu wa runinga walipita, wakashuka garini, wakasema, "Hapa si duniani." Wakapafanya ndiyo sayari alikozaliwa Kapteni Radi, anakorudi mwisho wa kila kipindi kunywa uji wa bibi yake. Na ili wapige picha bila kusumbuana na halmashauri, karani wa ardhi akakata neno "mtaa" katika rejista, akaandika "sayari." Akaahidi kulirudisha baada ya wiki mbili. Alistaafu kwa heshima zote.

Tangu hapo tukawa nje ya nchi. Idara ya Maji ilitujibu kwa barua kwamba bomba haliwezi kupita mahali pasipo na hewa. Hospitalini wagonjwa wetu waliandikwa wageni, wakaulizwa chanjo za huko watokako. Wakati wa uchaguzi tuliambiwa masanduku ya kura yataletwa yakipatikana yanayoelea. Kodi tu ndiyo haikusumbuliwa na umbali.

Bibi wa Kapteni aliigizwa na shangazi yangu, Bi Mwajabu. Miaka thelathini na mmoja: nyumba yake, sufuria yake, unga wake. Amewanywesha uji makapteni watano.

Mimi ni Sikudhani, mtunza daftari la mwendelezo. Kazi hiyo ni ndogo. Picha ikikatwa, naandika kila kitu kilikuwaje, ili ikiendelea kesho kila kitu kiwe vilevile: bakuli lilikuwa mkono gani, mlango ulikuwa wazi kiasi gani, nani alisimama wapi. Kisha napiga mstari wa chokaa chini kuonyesha picha inaishia wapi, asiyehusika asiukanyage. Aliyenitangulia alikuwa na diploma, akawa anaandika yale yaliyopaswa kutokea. Mimi niliishia darasa la saba, nikawa naandika ninachokiona. Waliona niendelee, maana mshahara wangu ulikuwa haumuumizi mtu.

*

Mwaka huo wananchi walianza kupaza sauti. Walitaka mabadiliko, tena makubwa, tena ya kudumu. Walitaja maji, walitaja unga, walitaja na barabara. Wakaendelea kutaja mpaka Waziri wa Burudani, Anga na Mambo Mengineyo, Mheshimiwa Tandabui, akalazimika kusimama mbele ya vipaza sauti kumi na vinne.

"Ndugu wananchi! Mmelia, na serikali yenu ina masikio. Mmesema mmechoshwa na yaleyale. Mmesema mnataka mabadiliko makubwa, ya kina, yasiyorudi nyuma hata hatua moja. Leo natangaza rasmi kwamba mabadiliko hayo yanaanza mara moja, katika Kikosi cha Zuhura!"

Makofi yalipigwa dakika sita, maana milango ilikuwa imefungwa.

Ikaundwa kamati ya watu arobaini, ikakaa siku tisa kwa wali na kuku, kuamua kama mchezo unaoanzishwa upya uruhusiwe kubadilika kweli au ubadilike hivihivi. Mimi nilikaa pembeni na daftari. Mjumbe mmoja alisema mchezo ni urithi wa taifa, hata nzi anayetua kwenye bakuli la uji lazima awe wa ukoo uleule. Mwingine alipendekeza Kapteni afuge masharubu kwa majaribio ya siku tisini, kisha ifanyike tathmini. Wa tatu, profesa, alitaka tubadilishe kila kitu isipokuwa jina, watu, visa na muda wa kurushwa. Kijana mmoja wa ofisi ya posta, ambaye nadhani aliteuliwa kwa makosa, alisimama akasema, "Waheshimiwa, mimi tangu utoto sijawahi kumwogopea Kapteni. Nitamwogopeaje, na najua Alhamisi atarudi? Kitu kisichoweza kupotea hakimtoi mtu chozi." Huyo nilimwelewa. Alihamishiwa idara ya mbolea.

Siku ya tisa Mheshimiwa Tandabui akafuta midomo.

"Tulipue sayari," akasema.

"Ipi, Mheshimiwa?" mwongozaji wa mchezo akauliza.

"Ile yenye bibi. Ilipuke, isirudi."

"Tutafanya kwa kompyuta, Mheshimiwa. Inatoka vizuri sana siku hizi."

"Cha kompyuta kinafutika. Akija mwingine baada yangu si atairudisha? Tumesema kudumu. Ilipuliwe yenyewe, pale ilipo, na nyumba zake."

Kwa bahati tu, vigingi vyekundu vya shemeji yake Mheshimiwa, mwenye mashine kubwa ya kusaga mawe, vilikuwa vimeshachomekwa Majabalini tangu mwezi wa pili. Shemeji alituambia ni vya kufungia bendera.

*

Nilimkuta shangazi jikoni.

"Shangazi, wanalipua mtaa."

"Nani?"

"Wizara. Kwa ajili ya mchezo. Wanasema safari hii hakuna kurudi."

Aliendelea kukoroga. Shangazi hakatishi uji kwa ajili ya wizara.

"Mimi mabadiliko sikatai," akasema. "Yule mtoto nimempa uji miaka thelathini na mmoja. Hajaoa, hajakua, hajawahi kuosha bakuli. Anakunywa, anasema 'Bibi, anga inaniita,' anaondoka. Angekufa mara moja akafa kweli, ningemlilia, ningemheshimu. Lakini mbona cha kubadilishwa kwa kudumu ni nyumba ya mwenye uji? Kapteni mwenyewe wanamuua?"

"Hawamuui. Ana mkataba wa kutangaza sabuni."

"Nilijua." Akafunika sufuria. "Sasa sikiliza, Siku. Hizi kuta marehemu mume wangu alizijenga kwa mawe aliyoyabeba kichwani, jiwe kwa jiwe, mpaka nywele za utosini zikagoma kuota. Wakizilipua, mimi sina Alhamisi ijayo. Hakuna atakayeniandikia nirudi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Haya, lete bakuli."

*

Bunge lilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Kudumu baina ya chai na chakula cha mchana. Ilisema chochote na yeyote atakayekuwa ndani ya mstari wa chokaa wakati wa mlipuko, kama ilivyoandikwa katika Daftari la Mwendelezo, amekwisha. Hatarudi kwa dawa, kwa pacha, kwa ndoto, wala kwa mwandishi kuwa likizo. Walichagua daftari langu kwa kuwa ndio waraka pekee wa serikali usio na mahali palipofutwa. Si kwa uadilifu wangu. Sikuwahi kupewa ufutio.

Mheshimiwa Tandabui aliposikia Majabalini wanatafuta wakili, akaongeza kifungu cha nne kwa mkono wake mwenyewe: "Wala hatarudi kwa amri ya mahakama, ya Bunge, au ya waziri aliyetunga sheria hii." Wabunge walipiga meza. Naibu wake, Mheshimiwa Shibe, alipiga meza mpaka saa ikamfunguka mkononi.

Sisi tukaletewa barua. "Mnaarifiwa kuwa mtakwisha siku ya Alhamisi saa nne asubuhi. Hameni na vyombo vyenu, ila mapazia myaache kwa ajili ya picha."

*

Alhamisi ikafika. Watu wa Majabalini walisimama mlimani na magodoro yao vichwani. Shangazi hakupanda. Alikaa kizingitini na sufuria mbele yake, kama kawaida ya mchezo, askari wawili wakimbembeleza.

Karibu na machimbo walijenga jukwaa. Zulia, kiyoyozi cha kusimama, keki yenye umbo la sayari. Mheshimiwa Tandabui alikuwa amejipa nafasi katika mchezo: Rais wa Sayari, atakayetoa hotuba ya mwisho kisha abonyeze kitufe. Alivaa joho la fedha lililobana tumboni. Kando yake alikaa shemeji, na nyuma yao ile mashine ya kusaga mawe, mpya, imefunikwa karatasi za kung'aa ili ionekane chombo cha adui. Ilikuwa tayari kuanza kazi mchana uleule.

Nikasogea na ndoo yangu ya chokaa.

"Samahani, Mheshimiwa. Mstari niupitishe wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. "Wewe umesoma mpaka wapi?"

"La saba, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana. Sayari ni kile kinachoonwa na kamera. Kisichoonwa na kamera hakipo. Andika hivyo, upige mstari wako hivyo."

Nikaandika hivyo.

Kamera zilikuwa tano. Tatu zilitazama nyumba, mbili jukwaa. Nilikuwa nimeshaanza kuelekea kwenye nyumba, chokaa inamwagika njiani. Nyumba ya kwanza ndiyo ya shangazi. Mara nikasikia sauti ya Mheshimiwa nyuma yangu.

"We mwongozaji! Mbona kamera tatu zinatazama vibanda?"

"Ndiyo sayari inayolipuka, Mheshimiwa."

"Na mimi je? Siku ya kihistoria kama hii, wananchi wanataka kuona vibanda au kiongozi?"

"Kiongozi, Mheshimiwa."

"Basi geuza! Zote. Na ile ya pembeni inichukue kwa chini kidogo, nionekane mrefu."

Kamera zikageuzwa zote tano. Nikasimama. Nikatazama kila kamera inaona nini, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kazi yangu ni kutazama. Kisha nikarudi na ndoo yangu, nikapiga mstari kuzunguka jukwaa, zulia, keki, mashine ya shemeji, na miguu yote iliyokuwa humo. Mheshimiwa alisogeza kiatu chake kunipisha.

Akaja Fundi Makwinya, mlipuaji wa machimbo. Ndiye pekee mwenye leseni ya baruti, kwa hiyo alikuwa amekodiwa kulipua nyumba ya mama yake.

"Baruti niweke wapi?" akamuuliza mwongozaji.

"Ndani ya sayari. Si umeambiwa?"

"Sayari ni ipi?"

"Muulize wa daftari."

Nikamsomea maneno ya Mheshimiwa, nikamwonyesha mstari. Makwinya akautazama mstari, akanitazama mimi, akatazama kiti cha Mheshimiwa. Akabeba sanduku lake mpaka jukwaani, akapiga magoti.

"Unafanya nini hapo chini?" shemeji akaruka.

"Natega baruti, bwana. Nimeambiwa ndani ya sayari."

"Chini ya kiti cha Waziri? Una wazimu? Toa! Peleka mbali! Peleka kule kusikokuwa na kitu!"

"Kule," Makwinya akasema kwa adabu, akionyesha nyumba, "kuna vitu. Kuna nyumba ya mama. Kusikokuwa na kitu ni shimo la zamani, nyuma ya mwamba."

"Peleka huko huko! Haraka!"

Hotuba ilikuwa na kurasa tisa. Kwenye ukurasa wa tano Naibu Waziri Shibe, ambaye kisukari hakimpi nafasi, aliomba udhuru akaenda nyuma ya mwamba mdogo, nje ya mstari. Kwenye ukurasa wa tisa Mheshimiwa akapaza sauti: "Kilichokwisha kimekwisha! Asiyekubali mabadiliko, mabadiliko yatampitia!" Akabonyeza.

Shimo la zamani likanguruma. Vumbi likapanda, likatufunika wote, waziri na askari na keki. Lilipotua tulikuwa weupe kama watu waliofukuliwa. Nyumba za Majabalini zilikuwa zimesimama, mapazia yakipepea. Shangazi alikuwa anapuliza vumbi juu ya mfuniko wa sufuria.

"Imelipuka?" Mheshimiwa aliuliza, macho bado kayafumba.

"Imelipuka, Mheshimiwa," tukajibu.

Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika. Saa nne na dakika hamsini. Ndani ya mstari: waziri mmoja, joho la fedha, ana makombo ya keki kidevuni. Shemeji mmoja. Mashine moja ya kusaga mawe. Keki, imeliwa upande wa kaskazini. Nyumba: hakuna. Bibi: hakuna. Naibu: nyuma ya mwamba, anafunga mkanda.

*

Jumatatu Mheshimiwa Tandabui alikwenda kazini. Mlinzi wa geti alivua kofia.

"Poleni sana," akasema. "Tumeshachanga rambirambi."

"Fungua geti, mpumbavu wewe!"

"Marehemu hafunguliwi, mzee. Sheria imebandikwa hapa, na sahihi ni yako."

Ndani, katika kiti chake, alikuwa amekaa Waziri mpya, Mheshimiwa Shibe, naye alikuwa akihutubia vipaza sauti kumi na vinne. "Marehemu alikuwa kiongozi wa vitendo," alisema kwa majonzi. "Njia pekee ya kumuenzi ni kuitekeleza sheria yake kikamilifu. Hasa kifungu cha nne." Shibe, ambaye maishani mwake hakuwahi kutekeleza sheria hata ya kupanga foleni, aliisimamia hii kwa machozi.

Nyumbani kwa Tandabui mke alikuwa ameshakaa eda. Alimjibu kutoka dirishani, pazia limeshushwa: "Nani huyo? Mwambieni mwanamume asinikaribie, siku zangu hazijaisha." Shemeji alikimbilia nchi jirani, ambako mpaka leo yu hai. Mashine yake, kwa kuwa ilikwishakwisha, hakuna fundi aliyekubali kuiwasha. Kuku wa Majabalini wanataga ndani yake.

Jumatano Tandabui alinijia mimi. Alikuwa bado na joho la fedha. Mkononi alishika ufutio mpya, haujatolewa kwenye karatasi yake.

"Binti," akasema, "kuna kosa dogo la kiuandishi."

"Ukurasa gani, mzee?"

"Unajua mimi ni nani?"

"Ukurasa wa arobaini na tatu, mstari wa pili."

"Futa!"

"Niliandika nilichokiona. Na mstari nilikuuliza wewe kwanza."

"Nilisema vile kwa maana ya jumla!"

"Hiyo maana ya jumla sikuiona, mzee. Ningeiandika."

Akakaa chini kwenye boksi la nguo za majini ya chuma. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo haikuhitaji hata kipaza sauti kimoja: "Sasa mimi niende wapi?"

Nikampekulia rejista ya ardhi. Makazi ya Rais wa Sayari: Majabalini.

*

Alifika Alhamisi, jua likishuka kwenye machimbo, wakati uleule ambao Kapteni Radi hufika. Watu walitoka milangoni kumtazama. Hakuna aliyemzomea. Wanawake waliendelea kuponda kokoto, ko, ko, ko, bila kumwondolea macho.

Shangazi akampa bakuli. Akanywa la kwanza, akanywa la pili. Midomo yake ikiwa bado na uji, akasimama, akajipangusa na joho.

"Ahsante, mama. Sasa ngoja nika—"

"Unakwenda wapi?" shangazi akamuuliza. "Osha bakuli."

"Mimi?"

"Namwona mwingine hapa? Miaka thelathini na mmoja nimeosha mimi. Si mlisema mabadiliko?"

Akaligeuza bakuli mikononi kama kitu kilichotoka sayari nyingine. "Maji yako wapi?"

"Bombani."

"Bomba liko wapi?"

Ko, ko, ko zikanyamaza mtaa mzima. Shangazi akajifunga kanga vizuri, akamtazama bila hasira.

"Hilo tumekuuliza wewe kwa barua miaka kumi na miwili," akasema. "Lakini kisima kipo. Shuka bondeni, vuka mto mkavu, panda upande wa pili. Ndoo ile pale. Usiijaze sana, ina ufa."

Akaenda. Tulimwona akishuka, joho la fedha likinaswa na miiba, tukamwona akipanda. Alirudi na nusu ndoo, akiwa amelowa mguu mmoja. Akachutama, akaosha. Shangazi akalipokea bakuli, akalinyanyua kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani.

"Lina ukoko. Rudia."

Waziri Shibe ametangaza juzi kwamba Kikosi cha Zuhura kinaanzishwa upya, na kwamba safari hii mabadiliko yatakuwa makubwa zaidi. Katika rejista neno "sayari" limekatwa. Karani aliuliza aandike nini mahali pake, akaambiwa aache wazi kwanza. Bomba bado.

Mimi ninaendelea na kazi. Ukurasa wa arobaini na nne unasema hivi: Alhamisi. Nyumba, imesimama. Mlango, wazi nusu. Bakuli, limeoshwa mara mbili. Ndoo, tupu. Mzee wa joho ameishika kwa mkono wa kushoto, anatazama bondeni.